Saratani, SHA na nauli ya Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Lamu

Maswali haya yameokotwa barazani, kwenye foleni ya kliniki, ndani ya boti la Mokowe, na mengine yamekuja kwa simu usiku watoto wakishalala. Anayejibu si daktari. Kazi yangu ni makaratasi: kuwasajili watu SHA, yaani bima ya afya ya serikali, kufuatilia idhini za matibabu zilizokwama, kuwaeleza waendao Mombasa waanzie dirisha gani. Basi humu usitafute dawa, tafuta hesabu. Viwango vya bima hubadilika, kwa hiyo kabla hujapanda basi piga *147# au uliza dawati la SHA hospitalini.

Nina miaka 38, sina dalili yoyote. Kupimwa kutanigharimu nini?

Inategemea unapimwa nini, na wengi huogopa bure. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua sana wanawake wa Kenya, na mojawapo ya vipimo vyake ni siki. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kidogo, kisha hutazama kama kuna mahali pamegeuka peupe. Hakuna maabara wala kusubiri majibu kutoka Mombasa. Dalili za awali zikionekana, mara nyingi hutibiwa kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, na mtu akarudi kwake siku hiyo hiyo. Uliza kwenye kliniki ya uzazi wa mpango, kwa sababu wauguzi wa huko ndio wafanyao kazi hii.

Kuna pia kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo ya mlango wa kizazi. Hiki mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, pazia limefungwa, hakuna anayemtazama. Kwa mama anayesema "siwezi kuvuliwa nguo na mtu nisiyemjua", kipimo hiki kimemwondolea udhuru. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakifika 30, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi waanze wakiwa na 25. Wewe wa 38 usingoje mfungo wala harusi ya mtu.

Titi huanza kwa mikono ya muuguzi, na mikono haina bei. Mamogramu, yaani eksirei ya titi, ndiyo yenye gharama, na mwongozo wa Kenya unaianzisha kwenye miaka 40 kwa mwanamke asiye na historia ya ugonjwa katika ukoo. Tezi dume hupimwa kwa damu. Na wazee wetu wa tambuu na tumbaku ya kutafuna: mwombe daktari wa meno au muuguzi akutazame kinywani. Kidonda kisichopona ndani ya shavu huonekana kwa tochi tu.

Si walisema SHA ni bure? Mbona hospitali kubwa niliambiwa nimalize mchango kwanza?

Umeambiwa nusu ya habari. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024, na ndani yake mna mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi: dispensari na vituo vya afya. Huo hauhitaji mchango, unahitaji uwe umesajiliwa tu. Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, unaolipia hospitali kubwa, kulazwa, upasuaji na matibabu ya saratani. Huo lazima mchango wako uwe umelipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na kwa ugonjwa kama saratani huingia pale wa pili unapomalizika.

Kwa hiyo mtu aliyesajiliwa bila kuchangia ana mlango mmoja kati ya mitatu. Ukipimwa siki katika kituo cha afya, umo. Ukiambiwa nenda hospitali kubwa ukakatwe kinyama kipimwe, hapo ndipo kadi yako inaulizwa kama ina kitu.

Mimi mvuvi. Nitalipaje mwaka mzima kwa mkupuo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nafikiri ndilo kosa kubwa la mpango wenyewe kwa watu wa visiwani. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Wa shilingi 20,000 hukatwa 550, hata haoni. Asiyeajiriwa huulizwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, choo, mifugo, taa anayowasha, kisha mtambo unamkadiria. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hazichukuliwi 300. Huchukuliwa za mwaka, yaani 3,600 kwa uchache, na wengi hukadiriwa zaidi ya hapo.

Sasa tazama mwaka wa mvuvi ulivyo. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka, vyombo vidogo hulala, na pesa za nyumbani hutoka kwenye deni la dukani. Kaskazi ikiingia ndipo samaki, kamba na pesa huonekana. Mtambo hauna habari na kusi wala kaskazi. Unataka pesa yote siku uliyojisajili.

Ushauri wangu ni mmoja: usijisajili na kulipa kwa kufuata tangazo, lipa kwa kufuata msimu. Lipa kaskazi, tuseme Desemba au Januari, ili mwaka wako wa bima uishie kaskazi nyingine, ukiwa na pesa tena mkononi. Niliwaona vijana wa chombo kimoja Kizingitini wakifanya hivi: kila wakigawana, fungu moja dogo hubaki kwa nahodha kwa ajili ya SHA ya wote, kama fungu la chombo linavyotolewa. Hakuna aliyelihisi, na wote wamelipiwa.

Ukiona umekadiriwa juu mno, una haki ya kuomba hesabu irudiwe. Majibu ya maswali yale hujazwa haraka haraka na wakati mwingine hujazwa na kijana anayekusajili bila kukuuliza. Nyumba ya mawe ya urithi, ambayo mnaishi humo familia nne na dari linavuja, huandikwa nyumba ya mawe basi, na mtambo hukuhesabu tajiri. Kaa naye, soma kila jibu kabla halijatumwa.

Nimesikia kuna kulipa pole pole. Je, si riba hiyo?

Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliozinduliwa 2025. Unachofanya ni kukukopesha mchango wa mwaka ili bima ifunguke leo, nawe urudishe kidogo kidogo. Kwa kuwa ni mkopo wenye nyongeza, baadhi ya wazee wetu wanauepuka, na sitawabishia. Hilo ni la kumuuliza sheikh wako. Njia isiyo na shaka ni kikundi. Akina mama wanaochangishana kwa ajili ya vyombo vya jikoni na leso za harusi wanaweza kuchangishana vilevile, kila mzunguko akalipiwa SHA mmoja au wawili.

Serikali nayo ilianza 2025 kuwalipia baadhi ya wasiojiweza kabisa. Orodha hutokana na yale yale maswali ya makadirio, kwa hiyo fukara asiyesajiliwa hawezi kuonekana. Mjane wa mtaani kwenu msajilini, hata kama hana hata shilingi ya kulipa.

Mamangu ana miaka 66. Si yumo kwenye SHA yangu?

Hayumo. Bima yako inakuhesabia wewe, mwenzako wa ndoa na watoto. Mzazi ni kaya yake mwenyewe, asajiliwe kwa kitambulisho chake na alipiwe mchango wake, ingawa wewe ndiye utakayetoa pesa. Hili huwavunja watu moyo kwa sababu hulijua siku ya kulazwa, na wagonjwa wengi wa saratani ni watu wa umri huo huo wa wazazi.

Na wenye mitara: mke wa pili asidhani amejumuishwa kwa sababu tu mume "amelipa". Aingie *147# kwa simu yake aone jina lake liko wapi. Likikosekana, ajisajili kivyake.

Nimeajiriwa hotelini Shella, nakatwa kila mwezi. Nina haja ya kuangalia?

Unayo. Kukatwa ni kitu kimoja, pesa kufika SHA ni kingine. Mwajiri anatakiwa awe ameipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wapo wanaochelewesha msimu wa wageni ukiwa mdogo, na mfanyakazi hugundua akiwa kitandani. Angalia kila mwezi, ni dakika mbili.

Nimeonekana na uvimbe na sijawahi kulipa. Nimechelewa?

Hujachelewa. Hapa ndipo bima ya serikali inapopishana na ya kampuni: haikukatai kwa sababu tayari u mgonjwa. Lipa mwaka, hakikisha kwenye simu kwamba umefunguliwa, nenda. Ninaowaona wakichelewa ni wale wanaosema "ngoja kwanza nijue kama ni saratani kweli, ndipo nilipe". Pesa nyingi za mfukoni hutoka katika kipindi hicho hicho cha kutaka kujua: kumuona daktari, skani, kukatwa kinyama, kinyama kusafirishwa hadi maabara, kurudi kuchukua majibu. Ugonjwa ukishapewa jina, mtu ameshauza mbuzi wake.

Na bima ya kampuni, je?

Isome kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Tafuta mambo mawili: muda wa kungoja kabla saratani haijaanza kulipiwa, na kikomo maalumu cha saratani, ambacho huwa kidogo kuliko kile kikubwa kilichoandikwa kwa herufi nene mbele. Nyingi hazilipii uchunguzi wa mtu asiye na dalili. Ukiwa nayo kupitia kazini, itumie pamoja na SHA, usiiache SHA.

SHA inalipia saratani mpaka kiasi gani?

SHA ilipoanza, kikomo kilikuwa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa bima, na zikiisha, 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Jumla 550,000. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kukipandisha, kwa hiyo ulizia kiwango cha siku utakayoanza tiba. Zingatia neno moja ambalo halisemwi redioni: kikomo ni cha kaya, si cha mtu. Mume na mke wakiugua mwaka mmoja wanachota kisima kimoja.

Je, zinatosha? Kwa baadhi ya tiba, ndiyo. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi ni vikao 25 katika wiki tano. SHA hulipia shilingi 3,600 kwa kikao, hiyo ni 90,000. Ukiongeza skani, kemo (dawa kali za kuua saratani) na mionzi ya ndani, bado una nafasi. Lakini kwa saratani inayotaka dawa mpya za bei kali, au mgonjwa anayelazwa kila mara, pesa hizo huisha kabla ya mwaka.

Mwambie daktari wako tangu siku ya kwanza: "Daktari, hii ndiyo pesa niliyonayo kwenye SHA, nipangie tiba itakayofika mwisho." Watu wetu huona haya kumtajia daktari pesa. Daktari wa saratani husikia habari hiyo kila siku na aghalabu ana njia mbili tatu za kupanga dawa. Tiba iliyokatika katikati kwa kukosa pesa ni hasara mara mbili, ya mwili na ya mfuko.

Nimeandikiwa Herceptin. Nimesikia sindano moja ni zaidi ya laki.

Ilikuwa hivyo. Herceptin ni ya saratani ya titi ya aina ya HER2, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano au sita wa titi. Kikao kimoja kilifika shilingi 120,000, na tiba kamili huwa karibu vikao 18 katika mwaka, yaani zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche inayoitengeneza walikubaliana: SHA hulipa 40,000 kwa kikao, mgonjwa halipi. Hutolewa kwenye hospitali zilizoteuliwa tu, kwa hiyo uliza ni ipi kabla ya kununua hata chupa moja nje.

SHA ikilipa, mbona bado nalia pesa?

Kwa sababu SHA hailipi boti.

Chukua mgonjwa wa Faza. Boti la kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, hupita mlango wa bahari wa Mkanda, na Mkanda hupitika maji yakijaa. Siku maji yakijaa usiku wa manane, hiyo siku imekwenda. Akifika Amu anavuka hadi Mokowe, bara. Mokowe basi huondoka mapema asubuhi, kwa hiyo amelala mahali. Kutoka hapo ni Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, zaidi ya kilomita 300, na mtu anayetoka damu au asiyeweza kukaa hawezi kuzikaa kimya. Mto Tana ukifurika, kama 2023 na 2024, barabara hukatika upande wa Garsen na hakuna kadi ya bima itakayokuvusha. Mgonjwa haendi peke yake, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Halafu kemo ni kila wiki tatu.

Hospitali ya Rufaa ya Pwani iliyoko Mombasa, ile tunayoiita Makadara, ni hospitali ya umma yenye kliniki ya saratani. Ukihitaji mionzi waweza kuelekezwa hospitali ya Kenyatta au ya Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Nairobi, au kituo cha Garissa. Usiidharau Garissa. Watu wa Lamu wengi hawaijui, lakini foleni ya Nairobi na kodi ya chumba cha Nairobi kwa wiki tano ni mzigo ambao bima haiutambui hata kidogo.

Zipo njia za kupunguza. Omba tarehe zako ziwekwe pamoja: damu ipimwe jana yake, kemo leo, badala ya safari mbili. Vipimo vya damu vya kabla ya kemo omba vifanyike Lamu, majibu yatumwe kwa simu. Daktari akiona damu imeshuka atakuahirisha ukiwa bado kwako, si ukiwa umeshafika Tononoka, Mombasa. Na kabla ya kulala gesti, waulize jamaa. Mswahili hakosi mtu Mombasa, na mgonjwa wa kemo hahitaji zaidi ya kitanda safi, choo cha karibu na uji.

Kwa uchunguzi wa kwanza, mara nyingine huduma ndiyo hukufuata. Safari Doctors, shirika la hapa Lamu lililoanzishwa na Umra Omar, limekuwa likipeleka matabibu kwa mashua hadi vijiji vya kaskazini. Wahamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwako ndio wanaojua siku ya kliniki ya kuhamahama, waulize wao.

Mashine imekataa vidole vyangu. Nimeambiwa nirudi kesho.

Kesho ya Mombasa ni chumba kingine cha kulipia. Vidole vya mvuvi, vya msuka makuti na vya mwenye kukuna nazi miaka arobaini vimelika, na mashine haikufundishwa hivyo. Nilisimama na mzee mmoja, mvuta nyavu tangu utotoni, kijana wa dirishani akijaribu kidole hiki na hiki mpaka akachoka. Tukamkalisha, akaosha mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaifuta vizuri, akapaka mafuta kidogo sana, akajaribu cha pete badala ya cha shahada. Ikakubali. Isipokubali, omba njia nyingine ya kuthibitishwa, usikubali "rudi kesho" kabla hujamwona msimamizi.

Jambo lingine ni simu. Namba za siri hutumwa kwenye simu uliyosajiliwa nayo. Mama wa Pate amesajiliwa kwa simu ya mwanawe aliyeko Mombasa bandarini, na mwanawe yuko zamu, simu ameiacha kabatini. Dirishani kila mtu anangoja tarakimu. Msajili mzee kwa simu atakayoibeba yeye au anayemsindikiza.

Sina kitambulisho.

Basi anza hapo, si kwenye SHA. Wenzetu wa Kiunga, Ishakani na vijiji vya Waboni wanajua ugumu wake. Chukua cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu, nenda ofisi ya usajili. Ukiwa mgonjwa, mwombe daktari barua ya kueleza hali yako uiambatanishe. Kituo cha afya hakiwezi kukuacha bila huduma ya dharura kwa kukosa kadi. Kifungu cha 43 cha Katiba kimesema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Bili imenizidi. Wanaweza kunizuia nisitoke?

Hawana ruhusa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Lakini usipige kelele getini kwanza. Kila hospitali kubwa ya umma ina afisa wa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza wasioweza kulipa na kupendekeza wasamehewe sehemu au yote, au walipe kidogo kidogo. Mwone mapema, siku ya pili ya kulazwa, si siku ya kutoka. Nenda na barua ya chifu au imamu inayoeleza hali ya nyumbani.

Na uelewe hili: SHA hulipa hospitali, hairudishi risiti. Ukiambiwa "nunua dawa nje halafu utarudishiwa", uliza nani atarudisha na kwa karatasi gani. Kabla hujaanza tiba kokote, hakikisha hospitali ina mkataba wa huduma ya saratani na SHA, na kwamba idhini ya tiba imeshatoka.

Tunataka kuchangisha. Tuanzeje bila ugomvi?

Wekeni mweka hazina mmoja na msomaji hesabu mwingine asiye wa nyumba ile. Mchango wa kwanza ulipe SHA ya mgonjwa na ya wategemezi wake, ndipo mengine. Nimeona harambee ya zaidi ya laki mbili ikaisha kwa bili ambazo SHA ya shilingi elfu chache ingelizilipa.

Pesa nyingine ielekezwe panapoachwa na bima: nauli, malazi, chakula, na mtu wa kukaa na watoto. Kamati ya msikiti iulizwe kuhusu zaka. Mafukara, maskini na waliozama katika madeni wametajwa kwa majina katika wanaostahiki. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, ambao wana mfuko wa kuwalipia matibabu wasiojiweza. Daktari wako ndiye anayekuombea.

Kuuza mali: dhahabu kwanza, shamba baadaye, chombo au cherehani mwisho kabisa. Niko radhi watu wanibishie hapa, lakini nyumba iliyouza kinachoilisha hukosa nauli ya safari ya tatu.

Mganga ameniambia mionzi itaniua, yeye anataka elfu thelathini.

Elfu thelathini ni SHA ya miaka minane kwa kiwango cha chini, na nauli juu yake. Tumia miti shamba ukitaka, lakini mwambie daktari unachokunywa, kwa sababu baadhi hugombana na kemo kwenye ini.

Binti yangu ana miaka 11. Chanjo ya HPV ni pesa ngapi?

Bure, katika vituo vya serikali, kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14. Kenya iliianza Oktoba 2019. Haizuii uzazi. Katika ukurasa huu wote hakuna jambo la bei nafuu kuliko hili.

Daktari amesema hakuna zaidi. Je, pesa nazo ziishie hapo?

Ziendelee, ila zibadilike njia. Maumivu ya saratani hutulizwa kwa mofini ya maji, ambayo si dawa ya bei, tatizo lake ni kupatikana. Mombasa ipo Coast Hospice, na wahudumu wa aina hii huwafundisha jamaa namna ya kumpa mgonjwa dawa nyumbani. Omba uandikiwe ya kutosha kabla hujarudi Lamu, pamoja na barua ya kuionyesha hospitali ya huku. Safari ya tano kwenda Nairobi kwa maoni ya daktari mwingine, kwa mtu asiyeweza tena kukaa kwenye basi, mimi huwasihi watu waiache. Pesa ile inunue godoro zuri.

Nibebe nini siku ya kwanza?

Kitambulisho halisi na nakala yake, simu iliyosajiliwa SHA ikiwa na chaji na salio, barua ya rufaa yenye mhuri, majibu yote ya vipimo pamoja na filamu za skani, orodha ya dawa unazotumia, na namba ya mtu mmoja Lamu anayejua mambo yako. Vipige picha vyote uvitume kwa mtu huyo. Karatasi zenyewe zitie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge vizuri, kwa sababu boti la Mokowe hurusha maji hata siku shwari, na mhuri wa wino ukishalowa dirishani watakurudisha.